Nyumba ya Tano Kutoka Kisimani

Torino, 7 Julai 2025

Dada Bonaria,

Nyumba yetu ya Santa Maria ya Mchangani inapangishwa kwa watalii. Ameiona Ilaria jana jioni, akiwa mezani kwangu, akitafuta mtandaoni mahali pa kufikia tutakapokuja huko kisiwani mwisho wa Agosti. Nilimwambia amekosea, kwa kuwa vile vijumba vya novena, vya kulala siku tisa za sala, vyote vinafanana, vyeupe, vimeshikana mabega. Binti yangu akaikuza picha. Pete ya chuma ya kufungia punda wa babu ipo palepale kushoto kwa mlango, na jiwe la kizingiti lina ule ufa wake. Ni ya tano kutoka kisimani. Ni yetu.

Tangazo linasema, nanakili: “Kijumba halisi cha mahujaji, hatua chache kutoka ufukweni, kinawafaa wawili wanaotafuta utulivu.” Mlango uliokuwa wa kijani umepakwa buluu. Ungo wa mama umetundikwa juu ya kitanda kama picha.

Sisi hatukuwa tukiitafuta nyumba hiyo. Franca alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi Machi na daktari amemkataza ngazi. Fleti ya binamu Gavino iko ghorofa ya tatu na haina lifti, kwa hiyo nimeiondoa. Nimeweka nafasi katika hoteli mpya pale mdomoni mwa rasi: ina lifti, ina bwawa la kuogelea, kifungua kinywa kinaletwa hadi saa nne. Kijumba chetu sikukifikiria kabisa, maana ni chumba kimoja na choo kiko ng'ambo ya uwanja.

Nina maswali mawili. Je, ulikubali? Na ufunguo anao nani?

Nijibu kwa barua, tafadhali. Kwenye simu hujibu ninachouliza, unajibu unachotaka.

Ndugu yako,
Gesuino


Baratzeddu, 12 Julai

Mdogo wangu Gesuino,

Bwawa la kuogelea, mbele ya bahari. Baba angekuuliza kama bahari imejaa watu.

Mpe pole wifi yangu Franca. Nyonga ni kitu kibaya, ila mwambie hata mimi nina magoti na bado napanda kwenye paa kuanika nyanya.

Sasa hiyo nyumba. Sikukubali chochote, kwa sababu sikuulizwa chochote. Barua yako ilinifikia Alhamisi. Jana nikapanda basi la asubuhi hadi Mchangani na ufunguo wangu mkononi. Hauingii. Wamebadilisha kitasa. Nilizunguka nyuma, nikachungulia dirishani kama mwizi, mimi, kwenye nyumba aliyoijenga babu yangu kwa tope na majani makavu. Wameweka kitanda kipana hadi mlango wa kabati haufunguki. Pale kwenye msumari aliokuwa Priamo akitundika kofia yake wametundika wavu wa kuvulia samaki. Mume wangu alikuwa fundi wa saa, hajawahi kuvua hata kaa. Na huo ungo una tundu, ndiyo maana niliuacha.

Ufunguo wa akiba huwa kwa kamati ya kanisa, kwa mwenyekiti, yaani Antioco Deiana. Ardhi ni ya kanisa, kuta ni zetu, na sheria umekua nayo: familia inayolala humo siku tisa za novena ndiyo yenye nyumba. Novena mbili mfululizo bila mtu kulala, kamati inaweza kuichukua na kuwapa wengine. Tangu wale Atzori walipohamia migodini Ubelgiji na kunyang'anywa yao, sheria hiyo haijapata kutumika kwa mtu.

Nitazungumza na Antioco mwenyewe. Usianze kupiga simu huku na huko kama zamani ulipokuwa gazetini. Mwaka jana ulikuwa mwaka wa msiba, na mambo ya mwaka jana uyaache.

Dada yako,
Bonaria


Torino, 18 Julai

Dada,

Nimepiga simu. Kwanza kwa wakala aliyetangaza nyumba, aliyeko Oristano. Dada aliyepokea alinieleza vizuri sana, akidhani ni mteja. Ana vijumba vitatu vya Mchangani, “vilivyotelekezwa na wenyewe”, na mkataba wake na kamati unakwisha Septemba 30. Chetu bado kilikuwa hakijachukuliwa kwa wiki ya novena. Alinipendekezea nije wakati huo huo, kwa sababu ya “rangi za wenyeji”. Nilimwuliza wenyeji watalala wapi. Akasema hilo hakulifikiria.

Kisha nikampigia Antioco Deiana. Unakumbuka alikaa nyuma yangu darasani na kunichoma kalamu mgongoni. Hakukana kitu. Alisema paa la kanisa linavuja, kwamba vijana hawaji tena, kwamba nyumba tupu huliwa na chumvi. Yote hayo ni kweli. Nilipomwambia kwamba familia yetu ilikuwa na misiba miwili, mama Agosti 2023 na shemeji Priamo Juni mwaka jana, alinipa pole kwa adabu. Halafu akasema:

“Gesuino, mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa. Mimi sihesabu sababu. Nahesabu milango.”

Ninavyoona, njia fupi ni hii. Ilaria aweke nafasi kwenye nyumba hiyo kwa siku zote tisa, kama mteja yeyote. Yeye na mumewe Davide walale humo, mimi na Franca tulale hotelini. Damu ya familia itakuwa imelala ndani wakati wa novena, hakuna ugomvi, na mwakani tunazungumza na Antioco tukiwa tumeketi. Niambie unaonaje.

Gesuino


Baratzeddu, 23 Julai

Gesuino,

Naonaje? Naona umekaa Torino muda mrefu kupita kiasi.

Ukilipa hata senti moja kulala pale, umeshakubali kwamba si petu. Siku hiyo hiyo Antioco atakupa risiti, na risiti hiyo ataionyesha kwa miaka ishirini. Mwenye nyumba hapewi risiti ya kulala kwake. Mwambie Ilaria shangazi yake amesema hapana, na shangazi hana mpango wa kubadili neno.

Na huyo mtu wa kuhesabu milango, yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza kuufunga wangu. Nilipofiwa na mama, mke wake alikuja hapa mezani kwangu, akakaa kwenye kiti chenye mto, akanikumbusha kwamba nyumba yenye msiba haifungui dirisha kwenye sikukuu. Mwaka mzima. Hakuna kucheza, hakuna kukaanga vitumbua vya asali, hakuna kwenda Mchangani. Nikatii. Kabla sijavua nguo nyeusi za mama, Priamo akafariki, nikaanza upya. Mke wa Antioco akaja tena, kiti kilekile. Sasa mume wake anasema mlango ulikuwa umefungwa. Walinifungia wao, kisha wakaniandikia kosa la kufunga.

Haya nitayasema mbele ya watu. Mkutano wa kamati ni Jumapili ya Agosti 3, baada ya misa, kwenye ua wa kanisa. Nimekwisha kumwambia padri nataka kusema. Akauliza ni jambo la amani? Nikamjibu kwamba itategemea Antioco.

Mundica Manca, jirani yetu wa nyumba ya sita, naye atakuwapo, bila shaka. Hajanisalimia tangu ule ugomvi wa kamba ya nguo, na atafurahi kuona navuliwa nyumba. Na afurahi. Ukuta wetu na wake ni udongo mtupu, ukipiga chafya huku, kule wanajifuta. Nimemvumilia muda wote huo, nitamvumilia na siku moja zaidi.

Bonaria


Torino, 28 Julai

Dada,

Usiisome barua hii ukiwa umesimama.

Kwanza, hoja yako ya msiba haitoshi. Nilimrudia Antioco nayo, akanijibu bila kusita. Alisema desturi ina njia yake: familia yenye msiba humwomba jamaa mwingine akalale badala yake, hata kama hafungui dirisha wala haendi kwenye ngoma. Alinitajia familia mbili zilizofanya hivyo, na nimethibitisha kwa binamu Gavino kwamba ni kweli. Mwaka 2023 hatukumwomba mtu. Mwaka 2024 hatukumwomba mtu. Novena mbili mfululizo. Ukisimama Jumapili na hoja hiyo peke yake, atakujibu hivyo hivyo mbele ya watu wote, na kwa utulivu.

Pili, nafasi ile Ilaria alikwisha kuiweka. Ilikuwa tangu tarehe 17, siku moja kabla sijakuandikia kuomba rai yako. Imeandikwa kwa jina la mumewe, Fenoglio, ili Antioco asilitambue. Nilidhani ungekubali, na nilitaka kuwahi kabla watu wengine hawajaichukua. Inaweza kufutwa bila malipo hadi Agosti 10. Nakushauri tusiifute. Ikiwa mkutano utakwenda vibaya, hiyo ndiyo njia pekee tuliyobaki nayo ya mtu wetu kulala humo.

Tatu, swali moja, na nataka jibu la ndiyo au hapana. Mwaka jana, katika zile siku tisa, kuna mtu yeyote wetu aliyelala katika nyumba ile? Akiwapo hata mmoja, basi novena iliyokosa mtu ni moja tu, na sheria haimruhusu Antioco kugusa kitasa. Nimemuuliza Gavino, anasema si yeye. Wanawe wanasema si wao. Ulinitaka niyaache mambo ya mwaka jana, na mimi nimekuwa ripota miaka mingi, najua maana yake mtu anaponiambia niache jambo.

Gesuino


Baratzeddu, 4 Agosti

Gesuino,

Ndiyo.

Sikukujibu kabla ya mkutano kwa sababu nilitaka kulisema mara moja, mbele ya wale ninaowaogopa, kisha nipumzike.

Nililala mimi. Siku zote tisa. Priamo alikuwa na miezi miwili kaburini. Hapa nyumbani kila siku walikuja wanawake kunifariji, kuanzia asubuhi, wamekaa ukutani kote kama kuku, wakinitazama ninavyokula. Jioni ya kwanza ya novena kijiji kilipobaki tupu nikafunga mlango, nikasema nakwenda kwa binamu huko Oristano, nikateremkia Mchangani kwa njia ya mabwawa ya chumvi. Niliingia gizani, watu wakiwa kanisani. Sikuwasha taa, sikufungua dirisha la mbele. Niliisikia ngoma, nilisikia watu wakicheza duara, nikala mkate na mayai ya mkizi niliyobeba. Mchana nililala, usiku nikatoka kwenda chooni. Sikwenda kwa ajili ya sheria yoyote. Nilikwenda kwa sababu pale palikuwa kimya upande wangu wa ukuta.

Unaelewa kwa nini sikusema. Mjane wa miezi miwili kwenye sikukuu. Wangenisema hadi kwenye mazishi yangu.

Basi jana nikasimama. Ua ulijaa, hata wale wa nyumba za mwisho walikuwapo. Antioco alinisikiliza hoja ya msiba, akanijibu neno kwa neno kama ulivyoniandikia, kwa utulivu huo huo. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema nililala mimi. Mke wa Antioco akaweka mkono mdomoni. Antioco akauliza, polepole, ili wote wasikie:

“Mjane wa miezi miwili, Bonaria? Kwenye novena?”

“Ndiyo, Antioco. Mjane wa miezi miwili, gizani, mlango nimejifungia. Sasa andika jina langu.”

Akasema hataandika, kwa kuwa jambo hilo kila mtu anaweza kulisema, na hakuna aliyeniona. Kweli hakuna aliyeniona, nilihakikisha hilo mwenyewe.

Hapo Mundica Manca akainuka. Unajua anavyoinuka, kwanza mkoba, halafu yeye. Nikajisemea moyoni, huyu sasa ananimalizia. Hakunitazama. Alimwambia Antioco:

“Kuonekana hakuonekana. Alikoroma. Siku zote tisa alikoroma, mimi ndiye sikulala. Andika.”

Watu wakaanza kucheka, padri wa kwanza. Antioco akamuuliza kwa nini hakusema mwaka jana. Mundica akasema yeye na mimi hatuzungumzi, kwa hiyo angemwambia nani.

Kuna jambo ambalo sikukueleza. Kila asubuhi ya zile siku tisa kulikuwa na kikombe cha kahawa kwenye dirisha la nyuma, moto, kimefunikwa kisahani. Nilidhani ni yule mzee anayepiga kengele, amenishtukia na kunihurumia. Nilikuwa nikikiosha na kukirudisha dirishani jioni. Jana, alipokuwa akipita mbele yangu kurudi kwenye kiti chake, Mundica akaniambia kwa pembe ya mdomo: “Na kile cha siku ya mwisho hukukirudisha. Ni cha seti.”

Kiko ndani, Gesuino. Nilikiweka kwenye rafu juu ya dirisha nikakisahau. Sasa kiko nyuma ya kitasa cha yule wakala.

Katibu aliandika: nyumba ya tano kutoka kisimani ni ya familia yetu ya Piras, ililaliwa 2024. Mikono iliinuliwa na ilikuwa mingi, sikuihesabu, Antioco aliihesabu na uso wake ulitosha. Lakini akasema mkataba na wakala umekwisha kutiwa saini, kwamba hadi Septemba 30 hawezi kuuvunja, na kwamba tutazungumza Oktoba. Yaani nyumba ni yangu, ila mwaka huu alale mgeni. Na tusipolala mwaka huu, mwakani itahesabiwa novena moja iliyokosa mtu, na tutaanza tena kuhesabiwa milango.

Sitasubiri Oktoba. Fundi Boicu, mpwa wake Mundica, atabadilisha kitasa Alhamisi, Agosti 28, siku moja kabla ya novena. Ameniambia kitasa kwenye mlango wangu si kesi, ni kazi.

Sasa futa ile nafasi. Najua kwamba ukiifuta wataiuza kwa watu wengine. Waiuze. Sitaki kuingia kwangu kwa jina la Fenoglio, ingawa ni kijana mzuri.

Bonaria


Torino, 11 Agosti

Dada,

Nafasi imefutwa jana, saa mbili kabla ya muda kwisha. Nilichelewa kwa makusudi, nikitafuta sababu ya kukukatalia. Ninayo moja nzuri: kuanzia jana hatuna tena dhamana yoyote, na kwa mujibu wa mkataba wakala ana haki ya kuja na askari. Nilimsomea Franca barua yako na sababu yangu. Akasema sababu yangu ni nzuri, kisha akaniuliza kama nimefuta.

Jioni ileile nyumba ilichukuliwa. Ilaria ameona siku zote tisa zimefungwa kwenye tangazo, na kwa kuwa wakala huonyesha majina ya kwanza ya wageni wake, tunajua ni Jürgen na Silke, kutoka Stuttgart. Wanatakiwa kuingia Ijumaa, Agosti 29, saa tisa alasiri. Hawana kosa. Wametafuta mahali pa kufikia, kama sisi.

Kwa hiyo nimefanya yafuatayo. Chumba changu cha hoteli, chenye lifti, bwawa na kifungua kinywa hadi saa nne, sijakifuta. Nimepiga simu kubadilisha jina. Kuanzia Agosti 29 kitakuwa cha hao wawili, wakikitaka, na wakala awarudishie pesa zao, naye Antioco ampe maelezo. Nimemwandikia Antioco haya yote kwa barua ya rejista, ili asije akasema hakuambiwa. Nimeongeza kwamba mimi mwenyewe nitakuwa mlangoni saa tisa kuwapokea na kuwaelekeza. Kijerumani changu kinatosha kwa hilo.

Franca amekataa kubaki hotelini bila mimi. Alisema daktari alikataza ngazi, na nyumba ya Mchangani haina ngazi hata moja. Hilo sikuwa nimeliona. Kuhusu choo ng'ambo ya uwanja, amesema atatembea, ni mazoezi aliyoandikiwa.

Ilaria na Davide watalala kwa Gavino, ghorofa ya tatu. Wao wana nyonga nzima.

Niambie tulete nini.

Gesuino


Baratzeddu, 17 Agosti

Gesuino,

Leteni magodoro mawili membamba, kwa sababu kile kitanda kipana kitatoka nje asubuhi na mapema na wakala atakikuta chini ya kibanda cha kisima, kimefunikwa vizuri, hatutaki kumharibia mtu mali. Lete pia rangi ya kijani. Mlango wa buluu siupendi.

Antioco alipata barua yako ya rejista Alhamisi. Jana mke wake amekuja, akakaa kwenye kiti kilekile, akaniuliza kama si afadhali mwaka huu, kwa heshima ya Priamo, nipumzike. Nilimpa kahawa. Nikamwambia Priamo alinihesabia saa maisha yake yote na hajapata kuniambia ni saa ya kukaa nyumbani. Akauliza wale Wajerumani watalala wapi. Nikamwambia hotelini, penye bwawa, na kwamba jioni waje kucheza duara kama wanataka. Rangi za wenyeji walizozilipia watazipata bure.

Mundica ameniuliza kikombe mara mbili. Bado hatuzungumzi, anauliza tu.

Meli yenu inatia nanga Alhamisi tarehe 28 saa moja asubuhi, nimeangalia. Boicu atakuwa mlangoni na vyombo vyake saa kumi na mbili jioni. Msichelewe, yeye ana kitasa kingine saa moja: cha nyumba ya tisa, ya wale Atzori. Mjukuu wao amefika jana kutoka Ubelgiji.

Bonaria